Kiatu cha farasi cha harusi chenye picha ya Sungura

Shangazi wa Isevya, Tabora
Ndugu zangu, salaam. Binti wa kaka yangu anaolewa na kijana Mwingereza mwezi Desemba, na mama wa kijana ameomba tushike desturi moja ya kwao: bibi harusi hukabidhiwa kiatu cha farasi, yaani kile chuma kilichopinda kinachopigiliwa kwatoni, kikiwa kimefungwa utepe, akakishika siku ya harusi, kisha hukitundika nyumbani kwa ajili ya heri. Ningependa kukichora Sungura wa hadithi, yule ambaye marehemu mama yangu alimsimulia binti huyu kila usiku mpaka akapitiwa na usingizi. Chuma hicho nitakipata wapi, na rangi gani itadumu? Tena, Sungura ni mwongo. Je, anafaa harusini?

Fundi Chuma, Kigoma
Shikamoo shangazi. Usihangaike kutafuta kiatu kilichokwisha kuvaliwa, kwa kuwa mbung'o wa mapori yetu hawakuwaacha farasi waishi, na punda wetu hawapigiliwi viatu. Mpelekee mhunzi kipande cha chuma bapa akipashe moto, akikunje na kukitoboa matundu saba, idadi ambayo katika imani yao ni ya heri. Kisugue kwa msasa na ukifute kwa thina, maana chuma kipya huwa na mafuta. Kipake rangi ya kuzuia kutu, ikauke siku nzima, ndipo upake rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba. Rangi ya maji juu ya chuma kitupu huleta kutu. Desemba kwenu ni mvua, kwa hiyo anza mapema.

Mwalimu Mstaafu, Tabora
Dada, Waingereza husimulia kwamba mhunzi Dunstan, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kufariki mwaka 988, alimpigilia Shetani kiatu cha farasi kwato zikamuuma, asimfungue mpaka alipoapa kutoingia nyumba yenye kiatu hicho mlangoni. Hiyo ni hadithi ya mnyonge kumshinda mwenye nguvu kwa akili, na ndiyo kazi ya Sungura mbele ya Simba. Ila usimchore kisimani, alikokataa kuchimba na wenzake akaenda kuiba maji. Hapo kweli hafai harusini.

Shangazi wa Isevya
Ahsante sana mwalimu, umenitua mzigo. Ncha zielekee wapi?

Fundi Chuma, Kigoma
Juu, shangazi, kwani wengi wao husema zikielekea chini heri humwagika. Mchore Sungura kiatu kikiwa kimekaa hivyo.