Ukoo wa Babu: yule mama wa wigi la njano

Zuhura: [picha] Jamani nimekutana na hii. Shangazi, wewe ndiye wa London, huyu mama ni nani? Gauni la chui, mwee!

Shangazi: Hahahaa! Huyo si mama, ni Paul O'Grady, mchekeshaji na mtangazaji wa TV wa huku Uingereza. Akivaa hivyo anaitwa Lily Savage. Amefariki Machi 2023, huku watu walilia.

Baba Mdogo: Astaghfirullah. Mwanamume kavaa gauni, halafu mnalia?

Shangazi: Kaka, nilipoanza kazi ya kuhudumia wazee, saa kumi na moja jioni ikigonga humpi mtu dawa akakuelewa. Wote macho kwenye TV, O'Grady na mbwa wake Buster. Na hapo hana wigi, kavaa suti. Mimi nilimpenda zaidi hivyo, ule mdomo wake tu ulitosha.

Bakari: Ila shangazi, si alikuwa shoga?

Shangazi: Alikuwa akipenda wanaume wenzake, na hakumficha mtu. Bibi zangu pale wote walijua. Ukimsema vibaya hunywi chai kwa amani.

Mama Mkubwa: Nani hajatuma mchango wa harusi? Naona majina sita tu.

Bakari: Kesho mama, mshahara haujaingia 🙏🏾

Zuhura: Shangazi endelea. Hapa naona wameandika mambo ya polisi.

Shangazi: Hiyo ni Januari 1987. Alikuwa jukwaani kama Lily, Royal Vauxhall Tavern, baa ya kusini mwa London. Polisi wakavamia wamevaa glavu za mpira, maana enzi hizo watu waliamini UKIMWI unaupata hata kwa kumgusa mtu. Mwenyewe alipenda kuhadithia: alipoziona zile glavu akasema kumbe tumeletewa wa kutusaidia kuosha vyombo 😂

Zuhura: Hahaha! Mbele ya polisi?

Shangazi: Mbele yao. Naye wakamkamata.

Baba Mdogo: Glavu hata huku zilikuwepo. Mnakumbuka miaka ile mgonjwa anatengewa sahani yake na kikombe chake.

Mama Mkubwa: Hayo tuyaache.

Shangazi: Mwaka uliofuata, 1988, serikali ya Thatcher ikaleta sheria: halmashauri zisionekane zinaunga mkono mambo ya mashoga, na shule zao vilevile. England imefutwa 2003. Sasa hesabuni wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 90 sheria bado ipo, na Lily yuko BBC anaendesha Blankety Blank, mchezo wa TV wa kujaza neno lililoachwa wazi. Wigi la njano, mizizi myeusi makusudi, kama mtu aliyekosa hela ya saluni. Bibi na wajukuu wote wanatazama.

Bakari: Alitoka familia ya wenye nazo?

Shangazi: Wapi! Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Hilo jina Savage ni la mama yake kabla hajaolewa. Na kabla ya umaarufu alikuwa mtumishi wa halmashauri ya Camden, anaingia majumbani kuhudumia wazee na kukaa na watoto ambao mama zao wamelazwa. Kazi yangu hiyohiyo. Ndiyo maana alipokuwa anaongea na kikongwe kwenye TV huoni anaigiza.

Baba Mdogo: Mimi msimamo wangu mnaujua, siubadilishi. Ila huyo jamaa hakuwa mwoga.

Shangazi: Haya, leo umesema.

Zuhura: Lily aliishia wapi?

Shangazi: Alipochoka kuvaa wigi akawaambia watu Lily kawa mtawa, yuko kwenye nyumba ya masista Ufaransa 😂 Yeye akaenda kutengeneza vipindi vya mbwa walioachwa pale Battersea, kituo cha London kinachotunza mbwa wasio na wenyewe. Siku ya mazishi mbwa wa Battersea walipangwa na walezi wao njiani, gwaride kabisa.

Baba Mdogo: Mbwa? Mazishini? Hapo sasa umenipoteza.

Mama Mkubwa: Mimi nitumie hiyo video ya mbwa, bando ninalo. Bakari, kesho ni kesho.