Natafuta magazini (kisanduku cha risasi) ya bunduki ya zamani ya .22 (kipimo cha risasi), imeandikwa J.C. Higgins, naanzia wapi?

Mnyalu_Iowa:
Wakuu habari za huko mliko. Mimi niko Iowa, Marekani, nimeoa huku, na babamkwe alipofariki mama mkwe akasema ile bunduki yake ya .22 nikae nayo mimi maana mzee alikuwa anatoka nayo na kijana wangu kuwinda kindi. Ni ya bolti (unavuta komeo kwa mkono kila risasi), ubao wake bado mzuri sana na ukitia risasi moja moja kwa mkono inapiga pale pale ulipolenga. Shida ni magazini. Iliyopo midomo (kingo za juu zinazoshika risasi) imepinda na springi imelegea, ya kwanza inaingia, ya pili inainua pua juu inakwama, basi hapo ni kuichokonoa na kidole. Kwenye mtutu imeandikwa J.C. Higgins, nikitafuta hiyo kampuni mtandaoni haipo, nikaenda duka moja hapa mjini wakaniuzia magazini eti inaingia kwenye .22 zote, nikaipachika inaning'inia tu. Na bunduki haina serial namba kabisa, hilo nalo linanitia wasiwasi. Kununua mpya sitaki, nataka kijana aendelee na hii hii ya babu yake. Mwenye uzoefu naomba msaada.

Fundi_Bolti:
Pole na msiba mkuu. Huipati hiyo kampuni kwa sababu haijawahi kuwepo, J.C. Higgins ni chapa ya duka, Sears. Zamani Sears walikuwa wanauza bunduki kwenye katalogi pamoja na majokofu na nguo, wanaagiza kwa wenye viwanda halafu wanapiga jina lao. Mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaliacha hilo jina wakaja na Ted Williams, yule mchezaji wa besiboli. Na siyo wao tu, Montgomery Ward walikuwa na Western Field, Western Auto walikuwa na Revelation, ndani humo utakuta ni viwanda kama Marlin, Mossberg, Savage na wengineo. Kwa hiyo ukitafuta magazini kwa jina la duka utazunguka mpaka uchoke, tafuta kwanza nani aliitengeneza.

Angalia kwenye mtutu pana namba ya modeli yenye nukta katikati. Tarakimu tatu kabla ya nukta ndiyo namba ya kiwanda kwa hesabu za Sears, 103 ni Marlin, 583 ni High Standard. Halafu chukua namba nzima, pamoja na za baada ya nukta, uilinganishe na orodha ya Numrich, hawa jamaa wako jimbo la New York wanauza vipuri vya bunduki za zamani tangu 1950 na wameweka orodha ya chapa za maduka na modeli halisi za viwandani, kuisoma ni bure.

Serial namba usihangaike nayo, sheria ya kulazimisha kila bunduki iwe na namba ni ya 1968, kabla ya hapo .22 nyingi za bei nafuu zilitoka kiwandani bila namba. Cha kuangalia ni kama pana sehemu imekwanguliwa, hapo ni kesi nyingine kabisa. Kama chuma ni laini hakijaguswa uko salama, na usije ukajichorea namba yako.

Mnyalu_Iowa:
Ubarikiwe sana kaka, nimeiangalia sasa hivi kwa tochi, inaanza na 103! Kwa hiyo ni Marlin?

Fundi_Bolti:
Ndiyo Marlin hiyo, na umepata bahati kwa sababu Marlin walikuwa hawabadilishi magazini ovyo, ile ya chuma ya risasi saba inaingia kwenye familia kubwa ya bolti zao za .22, modeli kina 80, 780, 25, 880, mpaka ile 795 ya kujipakia yenyewe. Ila lazima iwe ya .22 LR (Long Rifle, ile .22 ya kawaida), ya .22 Magnum ni ndefu na haihusiani.

Sasa original mpya zimeanza kuadimika. Marlin walinunuliwa na kiwanda kingine cha bunduki, Remington, Remington wakafilisika 2020, Ruger, nao watengeneza bunduki, wakachukua jina la Marlin na kuanza kurudisha zile za lever (mkono wa chini unaosukumwa kupakia) za risasi kubwa kwanza. Kwa hiyo ni ama upate iliyotumika, ama Triple K wa San Diego ambao kazi yao ni magazini za bunduki ambazo hazitengenezwi tena. Mimi kati ya hizo mbili naanza na ya kiwandani iliyotumika, hata ikiwa na kutu kidogo nje, mradi midomo haijaguswa na koleo. Muombe muuzaji picha ya juu na ya ubavuni, akikataa achana naye.

Mzee_wa_Korongo:
Naongezea hapo kwenye midomo maana ndipo watu wanapoharibu. Risasi ya .22 ina ukingo umetokeza kwenye kitako, ukipakia ukingo wa ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini, ukikaa nyuma zinanasana na hakuna springi itakayozisukuma. Sasa mtu akiona zimenasa anakimbilia koleo, anapinda midomo, kumbe magazini haikuwa na tatizo. Hiyo ya zamani usiitupe ndugu yangu, ioshe kwanza, nta ya risasi za .22 ikichanganyika na vumbi la baruti inaganda mule ndani springi inaonekana imekufa kumbe imegandishwa tu. Hata ikishindikana itakusaidia kupima mpya, ziweke ubavu kwa ubavu uone kitundu cha kushikia kiko kimo kile kile.

Ukiipata usiijaribie sebuleni na risasi za kweli, nenda kiwanja cha shabaha, anza na mbili, kisha tatu, ndiyo ujaze. Na mkataze kijana kuvuta kifyatulio chemba (chumba inamokaa risasi ya kupigwa) ikiwa tupu, kwenye .22 za zamani pini ya kufyatulia inagonga ukingo wa chemba na kuubonyeza bonyeza, baadaye maganda yanakataa kutoka.

Neema_wa_Minnesota:
Shemeji zetu wengi wanasoma humu kwa hiyo naomba nililete hili. Mwenye green card sawa, lakini kama uko huku kwa viza ya masomo au ya kutembelea, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kushika bunduki wala risasi, misamaha ipo, mmojawapo ni wa wenye leseni ya kuwinda, ila muulize mwanasheria kabla hujaigusa. Magazini ya risasi saba kununua haina shida, majimbo yanayobana mengi yanaanzia zinazozidi kumi.

Na wale wenye ndugu nyumbani wenye .22 ya shamba, tafadhali msiseme nitamtumbukizia moja kwenye begi. Kupeleka vipuri vya bunduki nje ya Marekani kuna sheria zake, na ukitua Nairobi au Dar hicho ni kipande cha silaha mbele ya polisi. Mwenye leseni huko aagize kupitia muuzaji aliyesajiliwa.

Mnyalu_Iowa:
Asanteni sana wote. Nimeilinganisha namba na orodha ya Numrich, imeangukia kwenye hizo hizo bolti za Marlin. Nimepata original iliyotumika, muuzaji ametuma picha na midomo iko sawa, nimeshalipia. Ya zamani nimeiloweka, maji yametoka meusi tii, na springi imeanza kurudi juu.

Mzee_wa_Korongo:
Safi. Ikikauka ipake mafuta kiasi cha kupaka kidole tu, ukizidisha inakusanya uchafu tena.