Rose Bowl au Sugar Bowl, nikate tiketi ya ipi?

Mzigua_Ugenini: Wakuu habari za jioni. Tarehe 1 Januari 2024 nataka kuingia uwanjani kuona nusu fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, sijawahi. Michigan na Alabama kule Rose Bowl, au Washington na Texas kwenye Sugar Bowl? Nalipia leo usiku.

mamaZuhura: Unaishi wapi? Mko wangapi? Bajeti? Pasadena, California (Rose Bowl) na New Orleans (Sugar Bowl) ni mbalimbali sana mdogo wangu.

Bluu_na_Njano: Rose Bowl! Ndiyo kongwe kuliko zote, 1902 Michigan waliwapiga Stanford 49-0. Safari hii Michigan namba 1 anakutana na Alabama namba 4, asubuhi gwaride la maua, saa nane mchana mpira, jioni ile milima inavyobadilika rangi we acha tu.

Juma_Houston: Texas ndo walimpiga Alabama 34-24 kwake Tuscaloosa mwezi wa tisa. Nenda Sugar Bowl, uwanja wake Superdome una paa, mvua huijui.

mamaZuhura: Popote uendako usinunue kwa mtu usiyemjua. Mimi nilipata tiketi kwa mtu wa kwenye grupu, katuma picha ya QR code ya tiketi nikamtumia hela, tukaendesha saa sita na watoto nyuma, kufika getini mashine inawaka nyekundu, mlinzi anasema hii imeshatumika, napiga simu haipatikani, mwanangu analia anasikia watu wanashangilia ndani. Ihamishiwe kwanza kwenye simu yako ndo ulipe.

Seminole_Mwanza: Poleni dada. Ila mimi hizi mechi siangalii. Florida State 13-0, bingwa wa kanda, kaachwa nje ya timu nne za nusu fainali eti kwa sababu kwotabeki wao (mrusha mipira) Jordan Travis kaumia!

Bluu_na_Njano: Alabama kamfunga Georgia aliyekuwa namba 1, 27-24, ulitaka aachwe?

Juma_Houston: Na akiingia Alabama, Texas aliyempiga anabakije nje?

Seminole_Mwanza: Mpira unachezwa uwanjani sio mezani jamani.

Mzigua_Ugenini: Samahani nilisahau, niko Dallas, mimi na mke wangu, dola 1,200 pamoja na usafiri.

Juma_Houston: Dallas! Si ungesema, New Orleans ni saa nane hivi kwa gari, mechi inaanza saa mbili kasorobo usiku.

Mzigua_Ugenini: Shida wife keshasikia habari za gwaride la maua.

Bluu_na_Njano: Shemeji anajua mpira!

mamaZuhura: Basi angalieni nauli ya ndege kwanza kabla ya tiketi. Na pale Rose Bowl magari yanapaki kwenye viwanja vya gofu, kutoka ni foleni ndefu.

Seminole_Mwanza: Timu haijafungwa hata mechi moja. Hata moja.