Wauza "dawa ya kindi" hapa Tabora, mnaua ndege wetu. Acheni!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Niko Tabora mjini, kwenye mitaa yetu ya miembe mikubwa. Uani nimesimamisha nguzo yenye sahani ya nafaka: mtama, ulezi, chenga za mchele. Wanakuja tetere, pugi, chiriku, na nikiweka papai lililoiva wanakuja shorewanda. Mama yangu ni mtu mzima, hatembei sana siku hizi, na hao ndege ndio wanaomtoa chumbani asubuhi aje akae barazani.

Kero ni kindi wa miembeni. Wanashuka, wanamaliza kila kitu, ndege wanabaki kuangalia.

Nikaenda duka moja la pembejeo. Nikauziwa chombo cha plastiki kutoka nje, cha kulishia ndege, nikahakikishiwa kindi hatakiweza. Kina springi: kindi akikikalia, uzito wake unafunga tundu la chakula. Sasa sikilizeni. Kindi aliyechorwa kwenye boksi ni yule wa kijivu wa Marekani, mwenye gramu 400 hadi 600. Kindi wetu mdogo wa miombo kwa kawaida hafiki hata nusu ya hapo! Springi haimsikii. Anakaa, anakula mpaka anashiba, anaondoka. Na plastiki yenyewe ni ya nini? Meno ya mbele ya kindi hayaachi kuota maisha yake yote, kutafuna ndiyo kazi yake. Tundu likawa pango.

Nimerudisha chombo, muuzaji hataki kusikia habari ya kurudisha hela. Anainama chini ya kaunta anatoa kipakiti: "Changanya na karanga hii, utawasahau." Kipakiti hakina jina la sumu, hakina jina la kiwanda, hakina maelezo. Ni vilevile vinavyotembezwa na spika sokoni, "dawa ya panya, mende, kunguni!" Nikakataa.

Jirani yangu aliuziwa. Simlaumu yule mama, aliambiwa ni dawa ya kindi na akaamini. Akachanganya na pumba, akaweka juu ya ukuta. Asubuhi chini ya mwembe tumeokota tetere, pugi, na jogoo wa nyumba ya tatu. Watoto ndio waliotangulia kuwaona, na wangeweza kuwashika. Na kindi? Waliokufa walikufa, wengine wamehamia palepale, kwa sababu mwembe upo na chakula kipo.

Mnajua sumu nyingi za panya zinafanyaje kazi? Zinazuia damu kuganda. Mnyama hafi papo hapo, anazurura siku kadhaa akiwa dhaifu, ndipo paka, mbwa au bundi anamkamata kirahisi na kuila sumu ileile. Bundi ambaye usiku kucha anatukamatia panya bure! Na mbwa wako akizidiwa, daktari wa mifugo atakuuliza amekula nini. Utamwonyesha kipakiti kisichoandikwa kitu?

Sheria ipo. Kiuatilifu kinatakiwa kisajiliwe na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na kiwe na lebo. Kisicho na lebo kinauzwa mchana kweupe kwa nini?

Kuna watakaosema ndege wenyewe ni wezi wa nafaka. Kwelea kwelea ndio janga la mkulima, na hao wana utaratibu wao wa kudhibitiwa. Pugi wa uani hawajamaliza shamba la mtu.

Kilichonisaidia ni fundi bati wa mtaani. Kakata bati, kalikunja kama kofia pana ya chini kuwazi, kalifunga kwenye nguzo juu ya usawa wa kifua. Kindi anapanda, anagonga bati, hana pa kushika. Nguzo nimeihamisha mbali na matawi, ukuta na paa, mita 3 au zaidi, maana kindi ni mrukaji hatari. Ukiiacha karibu na tawi hiyo kofia haina maana. Karanga na mahindi nimeacha kuweka. Mtama nauchanganya na pilipili kichaa ya unga: kindi inamuunguza mdomo, ndege haisikii kabisa, miili yao haiutambui ule ukali. Jioni naondoa mabaki, maana kindi na ndege wa uani hulala usiku. Chakula kikiachwa nje usiku, wanaokula ni panya. Na msipake grisi kwenye nguzo kama wengine wanavyoshauri humu. Ikishika manyoya, ndege anashindwa kuruka.

Hela ya bati na fundi haikufikia bei ya kile chombo.

Wewe muuzaji, najua unapita humu na duka lako unalijua. Jibu hapa mbele ya watu: ndani ya kile kipakiti mna nini? Na yule mama atalipiwa na nani jogoo anayedaiwa?