Kiwandani watu wanaficha ajali ili bonasi isipotee, tabia ya usalama ya kweli inajengwaje?

Zamu ya Usiku

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni supavaiza wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha sabuni hapa Dar, jina naomba nisilitaje. Getini tuna ubao mkubwa unaoonyesha siku zilizopita bila ajali, na kila robo mwaka zamu ambayo haina ajali inapewa bonasi. Wageni wakija wanausifu kweli kweli. Ila huko ndani mambo ni mengine kabisa, juzi kati kijana wa konveya, ule mkanda unaobeba sabuni, alibanwa kidole akitoa mche wa sabuni ulionasa huku mashine inatembea, akakifunga na kitambaa akaendelea na kazi, na wenzake ndio waliomwomba asiende zahanati ya kiwanda kwa sababu akiandikwa kwenye daftari tu bonasi ya watu wote imeenda. Nimekuja kushtuka nilipoona kidole kimevimba na kucha imekuwa nyeusi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba pale kwenye laini kila mtu anajua konveya inasafishwa bila kuzimwa, ndio kawaida, mgeni akiajiriwa anafundishwa hivyo hivyo. Mafunzo tunafanya, watu wanasaini, mabango ya USALAMA KWANZA yapo kila nguzo. Meneja anataka tuongeze mafunzo na barua za onyo, mimi naona tutafundisha watu kuficha vizuri zaidi. Sasa kuna kazi zina hatari kubwa kuliko yetu, ndege, upasuaji, migodi, na baadhi yao wamefika mahali ajali ni chache sana. Wao wamefanyaje? Naomba aliyefanya kazi huko aniambie anachokijua.

Chuma cha Pua

Mkuu mnawabembeleza sana hao vijana. Weka faini, wa kwanza kukamatwa anatia mkono kwenye mashine inayotembea anaenda nyumbani siku hiyo hiyo, utaona kama kuna mtu atarudia. Nimefanya ujenzi miaka mingi, mtu bila kuogopa havai hata helmeti.

Gozi na Mkasi

Pole kwa huyo kijana kwanza, na akapigwe eksirei maana kidole cheusi kinaweza kuwa kimevunjika.

Mimi ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Sisi kuna kitu kinaitwa chekilisti ya upasuaji ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ilitoka 2008, na wengi hawajui kwamba kati ya hospitali nane duniani zilizoijaribu mwanzo moja ilikuwa ya kwetu hapa hapa, Ifakara, pamoja na za London, Toronto, Manila, New Delhi na kwingine. Ni karatasi moja ya vitu 19. Matokeo yalitoka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya wala mashine mpya hapo, ni watu kusimama mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatoka thieta.

Na kile kisimamo cha pili kinaanza na kila mtu kutaja jina lake na kazi yake. Watu wanaona ni utoto lakini nakwambia mwanafunzi wa nesi akishataja jina lake mbele ya daktari bingwa, baadaye anaweza kusema dokta gozi hazijatimia. Asipofungua mdomo mwanzo hatafungua mwisho. Gozi ni vile vitambaa vya kufyonza damu, tunazihesabu kwa sauti, wawili, mmoja anashika na mwingine anaandika ubaoni, na hesabu ikigoma tumbo halifungwi hata kama daktari bingwa anaona anacheleweshwa.

Lakini Ontario kule Kanada waliagizwa kuitumia mkoa mzima, wakapima hospitali 101 na majibu yaliyotoka 2014 hayakuonyesha tofauti ya maana kwenye vifo wala matatizo. Binafsi naamini kuletewa karatasi kutoka juu ujaze ni kitu kimoja na kuifanya iwe mazungumzo yenu ni kitu kingine. Mimi nimeona mahali tiki zote zimewekwa mgonjwa hata hajaingia thieta. Kwa hiyo zile sahihi za mafunzo yenu zisikupe usingizi kabisa.

Spana 14

@Chuma cha Pua faini ina mahali pake, mtu anayefanya kusudi au amelewa kazini huyo hana mjadala. Ila hapa hakuna aliyefanya kusudi, laini nzima inafanya hivyo na supavaiza anajua na meneja anajua, sasa utamfukuza nani? Ukimfukuza mmoja wengine wanajifunza kutega sikio tu bosi akija.

Mimi ni fundi wa ndege. Kwetu boksi la vifaa ndani lina sponji iliyokatwa umbo la kila spana, ukifunga kazi ukiona shimo moja liko wazi ndege haiondoki, haijalishi abiria wameshapanda. Spana iliyosahaulika kwenye injini inaua. Sasa jiulize nani atasema amepoteza spana kama akisema anakatwa mshahara? Atanunua nyingine mtaani aijaze kwenye shimo basi. Kwa hiyo anayesema anashukuriwa mbele ya watu, kuna kisa kinasimuliwa sana cha manowari ya Marekani Carl Vinson inayobeba ndege, baharia alipoteza kifaa kwenye sitaha akasema mwenyewe, ndege zote zilizokuwa angani zikaelekezwa kutua nchi kavu, sitaha ikapekuliwa mpaka kikapatikana, na kesho yake akapongezwa rasmi mbele ya wenzake. Gharama yake hebu fikiria. Lakini kila baharia mle ndani alijua kuanzia siku ile kwamba kusema hakukuharibii.

Anga hatukuzaliwa hivyo. Kisiwani Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu mzito, watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza mle chumba cha marubani kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani, kapteni akajibu kwa uhakika kabisa kwamba imetoka, na kapteni mwenyewe ndiye alikuwa mkuu wa kufundisha marubani wa 747, nani angembishia mara ya pili. Baada ya hapo ndio mafunzo ya chumba cha marubani yakabadilika, mdogo anafundishwa kupinga na mkubwa anafundishwa kusikiliza, hiyo ya pili ndio ngumu. Pia Marekani tangu 1976 wana mfumo wa kuripoti makosa kwa siri, jina lako linaondolewa, na wanaopokea ripoti ni NASA, shirika la anga za juu, sio mamlaka inayotoa leseni na adhabu. Wewe daftari lako la ajali analishika nani? Kama ni HR, ofisi ya utumishi, umeshajijibu.

Zamu ya Usiku

Ni HR. Na bonasi anahesabu yeye huyo huyo. Sikuwahi kuliangalia hivyo.

@Gozi na Mkasi ahsante dada, kijana nitampeleka. Ila swali langu lingine, uzalishaji. Laini ikisimama simu ya ofisini inalia kabla hata sijafika kwenye swichi. Mnawezaje kusimamisha kazi bila kuonekana mzembe?

Mzee wa Shafti

Wanangu nimesoma yote. Nimestaafu mgodini.

Kwanza hiyo bonasi ife. Na msiigeuze kulipa kila ripoti, watu watakuja na ripoti za kutunga. Mtu akileta habari ya nusura ajali malipo yake ni kuona kitu kimetengenezwa, ikiwezekana kabla zamu haijaisha, hata kama ni balbu. Ripoti ikikaa kwenye faili mwezi mzima hutapata nyingine.

Pili kuhusu hiyo simu ya ofisini. Mkuu wa juu asiposema waziwazi kwamba kusimamisha laini ni haki ya yeyote, supavaiza utaumia peke yako. Kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, bosi mpya Paul O'Neill alipoingia 1987 hotuba yake ya kwanza kwa wawekezaji aliongelea usalama wa wafanyakazi na sio faida, watu wakadhani amechanganyikiwa. Walioumia mpaka kukosa kazi walikuwa kama 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka, wakashuka mpaka karibu 0.2, na kampuni ikakua. Kuna mkuu wa kitengo alikuwa analeta faida nzuri tu lakini akaondolewa kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda cha Mexico walidhurika na gesi na taarifa haikufika juu. Hapo ndio watu walielewa bosi hatanii, na wewe Chuma cha Pua ona adhabu ilimwangukia nani.

Tatu, kuzoea. Kivuko cha Mv Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101, siku ile ya Septemba 2018 waliokufa tu walizidi 200. Chombo hakijazi hivyo ghafla siku moja. Kinazidisha kidogo leo kinafika, kesho kinafika, mpaka kile kilichozidi kinakuwa ndio kipimo. Konveya yenu imeshafika hapo.

Sisi kila anayeingia kwenye mashine anaweka kufuli lake kwenye swichi, ufunguo anakaa nao mfukoni, mkiwa watano ni kufuli tano. Halafu unabonyeza kitufe cha kuwasha uhakikishe kweli imekufa. Hakuna wa kufungua kufuli la mwenzie.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa. Kufuli tunazo, zipo kabatini mpya kabisa. Shida swichi kuu ya ile konveya iko nyuma ya boila, unazunguka jengo lote, na ukizima mikanda mitatu inazimika pamoja na kuwasha upya sabuni inakuwa imeganda kwenye koo la mashine.

Spana 14

Sasa hilo ndilo ungeanza nalo mkuu! Vijana hawana dharau, njia salama mmeiweka mbali. Fundi umeme aweke swichi ya kukatia umeme wa huo mkanda peke yake, hapo hapo unaponasa, yenye tundu la kufuli. Na kamba ya dharura ipite urefu wote wa mkanda, ila hiyo ni ya kusimamisha tu mtu akibanwa, isije ikawa mbadala wa kufuli wakati wa kusafisha. Na kabla hujaagiza chochote kaa na hao vijana wakuonyeshe wenyewe sabuni inanasa wapi na kwa nini, inawezekana kuna rola imepinda tangu zamani na ukiinyoosha hakuna mtu atakayehitaji kutia mkono.

Zamu ya Usiku

Rola ya pili kutoka mwisho inapiga kelele, wamewahi kuniambia. Zamu ya leo naanza nayo hiyo, na yule kijana wa kidole ndiye atakayenionyesha.

Mzee wa Shafti

Marahaba. Izime kwanza.