Mafuta ya cherehani, ATF au mbarika: ipi inazuia kutu kwenye injini ya stroku nne?

RubaniWaEastlands
Wadau, naomba msaada. Nina Saito FA-82, injini ndogo ya stroku nne ya ndege za modeli, niliyonunua mkononi. Jana nimezungusha propela kwa kidole nikasikia beringi ya nyuma inakwaruza kama imelishwa mchanga. Kufungua, gololi zote zimeshika kutu ya rangi ya chai. Ilikuwa imelala tangu mvua za Aprili. Na kila nikimaliza kurusha huwa natia matone ya mafuta ya cherehani kwenye kabureta, kwa hiyo sielewi. Niendelee na cherehani, nihamie ATF (ile nyekundu ya gia za otomatiki), au nitumie fueli iliyochanganywa mafuta mengi ya mbarika, injini ijilinde yenyewe?

Mzee_wa_Valvu
Kijana, kabla ya kuuliza mafuta gani, uliza yanapita wapi. Kwenye stroku mbili, ukidondoshea kabureta mafuta yanateremka kwenye kranki moja kwa moja. Stroku nne sivyo. Mchanganyiko unaingilia valvu juu ya pistoni na kutokea silensa. Beringi ziko chini, na kinachozifikia ni kile kinachopenya kando ya ringi: methanoli isiyoungua, maji, na asidi inayotokana na nitro iliyomo kwenye fueli. Yale matone yako yalilainisha valvu, beringi zikalala njaa.

Pitishia kwenye kile kibomba cha kupumulia cha kranki. Mimi natia kama mililita 2 kwa sirinji, nainamisha ndege pua juu, kisha pua chini, nazungusha propela mara kumi na tano hivi, namwaga ziada. Na kabla ya hapo, siku ikiisha, bana mrija wa tenki injini ikizunguka polepole mpaka ijizime. Methanoli hunyonya maji hewani, usiiache ndani ilale.

Kipepeo_Ngong
Nimetumia zote tatu. Cherehani ni nyepesi, inapenya haraka, lakini baada ya wiki mbili tatu chuma unakikuta kikavu. ATF inashika zaidi na ina dawa ya kutu ndani yake. Lita moja ya Kirinyaga Road utairithisha watoto. Ubaya wake ni kwa mirija ya silikoni: wangu ulivimba ukalegea kama tambi zilizopitiliza. Vua mrija kwanza.

Mbarika ndiyo rafiki yako injini ikichemka kwa sababu umekaza sindano (ile ya kabureta inayopunguza fueli) kupita kiasi. Sintetiki, yale mafuta ya kiwandani, ikishaungua, imeungua. Lakini mbarika nyingi kwenye stroku nne inaganda kahawia kwenye shina la valvu ya moshi, valvu inaanza kukwama. Mimi nachanganya, sintetiki sehemu nne, mbarika moja, na ATF baada ya kurusha.

Mzee_wa_Valvu
Hapo tumekubaliana, ingawa hiyo moja ya mbarika mimi ningeiongeza kidogo. Nimezeeka nayo.

Tapeti_Tupu
Ukiwa umeshaifungua, angalia na tapeti, yaani ile nafasi ndogo juu ya valvu. Yangu niliwahi kumpa fundi wa boda, akapima ingali moto na kuweka nafasi kama ya pikipiki. Ikawa inalia kama cherehani na nguvu imepotea. Kijitabu cha O.S. (kampuni nyingine ya injini hizi) kinasema 0.04 hadi 0.10 mm, injini ikiwa baridi kabisa, maana silinda ya alumini ikipata moto inarefuka na nafasi inapanuka. Karatasi ya kawaida ya printa ni kama 0.1, kwa hiyo ikipita kwa raha, umelegeza mno. Pistoni iwe juu, valvu zote mbili zimefungwa. Ukikosea ukapima valvu moja ikiwa imesukumwa, utakesha.

BintiPropela
Na sindano, msisahau hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo sindano ikiwekwa kama kijitabu kinavyosema, hapa inalowesha injini kwa fueli nyingi, na fueli isiyoungua inazidi kuteremkia hizo beringi mnazolilia. Tunakaza, sawa. Ila mwaka juzi nilishuka Mombasa na sindano yangu ya Nairobi, sikuigusa. Injini ikawa kavu kwa kukosa fueli ya kutosha, ikapiga teke, nati ikafunguka na propela ikaruka mbele yangu hatua kama nane. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ndege, Mungu saidia. Tangu siku hiyo ni nati mbili, na ukifika pwani fungua sindano kwanza.

RubaniWaEastlands
Asanteni wote. Mrejesho: beringi nimepata Industrial Area kwa namba iliyochongwa ubavuni, jamaa hakuniuliza hata ni ya nini. Ya zamani ilikataa kutoka, nikatia kasha la injini kwenye oveni nyuzi 150, nikaligonga kwenye ubao, ikadondoka yenyewe. Nimenunua ATF na sirinji, na tapeti nimezirudisha 0.05. Kesho inawaka.

Tatizo lililobaki ni oveni. Inanuka mbarika, na mama watoto amesema keki ya Jumapili nitaila peke yangu.

Kipepeo_Ngong
Tuletee uwanjani.