Jino la akili: uliling'oa au ulilivumilia? Tupeane uzoefu

Baba Naimu
Wakuu salaam. Naandika hii saa nane usiku nimebana chupa ya maji ya moto shavuni, mke kashahamia chumba cha mtoto maana anasema naguna hata nikiwa usingizini. Nina miaka 28. Jino la mwisho kabisa, chini kulia, lilianza kuchungulia nikiwa na 23 na mpaka leo halijamaliza kutoka, nusu iko nje nusu imefunikwa na nyama ya fizi. Kila baada ya miezi kadhaa ile nyama inavimba, chakula kinaingia chini yake hakitoki, mdomo unanuka hata upige mswaki mara nne, na taya linabana yaani kijiko naingiza kwa ubavu. Hii ni mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo niliishia duka la dawa, amoksi, flajili na za maumivu, siku tatu niko fresh nasahau. Jana nimeenda kwa daktari wa meno kapiga eksirei kasema ling'olewe, tena siyo kung'oa kwa kawaida, ni kuchana fizi na kulikata vipande. Hapo ndo nikaanza kuulizia bei ya taksi ya kurudi home. Waliopitia njia hii semeni ukweli, msinifiche ila msinitishe pia.

Mpiga Debe Mstaafu
Pole sana mkuu, mimi nilikuwa hivyo hivyo miaka minne. Kazi yangu enzi hizo ni kupiga debe stendi, sasa niambie debe unalipigaje na mdomo haufunguki? Kuna wiki nilikuwa nakaa nyumbani sipati hata mia, nikisikia nafuu narudi, jino likianza tena naenda kwa yule yule muuza dawa ananipa vile vile vidonge, tukawa marafiki kabisa na harusi yangu alichangia. Siku nimekuja kupiga eksirei naambiwa jino lenyewe limelala, halijasimama, limeegemea gego la jirani kama mlevi kaegemea ukuta, na pale wanapogusana uchafu umekaa miaka yote hiyo ukamtoboa jirani kwa nyuma mpaka karibu na mshipa. Kwa hiyo nikang'olewa mawili. La akili sina shida nalo, halikuwahi kunitafunia hata karanga, ila yule jirani alikuwa mzima na ndo gego langu la nyama. Mpaka leo mishkaki natafunia upande mmoja. Usifanye kama mimi.

chizi_fresh
Mimi lilitoka nikiwa na miaka 19, jino limefika akili yenyewe naisubiri bado 😂

Baba Naimu
@chizi_fresh acha kunichekesha mwenzio nikicheka inavuta mpaka sikioni

Bi Mkubwa wa Wete
Mie nimeng'oa la chini kushoto, na kung'oa kwenyewe wala si kitu, sindano ya ganzi inauma mwanzo tu, baadae unaskia unasukumwa na kuvutwa lakini maumivu hayapo. Kasheshe yangu mie ilikuja baada. Nilipewa masharti: ng'ata pamba, siku ya kwanza usisukutue, usiteme teme mate, usinywe kitu kwa mrija, usivute sigara. Hilo la sigara halinihusu, ila hilo la mrija jamani, joto lile, juisi ya ukwaju ya baridi, nikasema mara moja tu itaniua? Siku ya tatu usiku nikaamka na maumivu yanayozidi ya jino lenyewe, yanapanda sikioni mpaka kipajini, harufu mbaya mdomoni, panadol namimina kama karanga hakuna kitu. Nikarudi, daktari akatazama akaniambia lile bonge la damu linalotakiwa kukaa kwenye shimo likalinda mfupa limeng'oka, mfupa uko wazi. Akalisafisha akatia utambi wenye dawa ya mafuta ya karafuu, na wallahi haikupita nusu saa nikalala hapo hapo kwenye benchi. Mtu nimekua naanika karafuu kwenye jamvi tangu sijui kuhesabu, harufu ile niliichukia utoto wote maana ilikuwa inamaanisha kazi, leo nikiiskia namwombea dua aliyeupanda ule mkarafuu.
Kwa hiyo Baba Naimu, kunywa kwa kikombe.

Gego_la_Saba
Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, niko wilayani, sitaji wapi. Niwaongezee kidogo.
Kwenye fomu mtaona tumeandika namba za meno 18, 28, 38, 48, hayo ndo meno ya akili, manne, na kwa wengi hutoka kati ya miaka 17 na 25. Ya chini ndo wasumbufu zaidi kwa sababu taya mara nyingi halina nafasi nyuma kule. Sasa hilo la Baba Naimu lililofunikwa nusu, ile nyama juu yake inafanya mfuko, na mswaki hauingii humo. Dawa zinatuliza usaha lakini mfuko uko pale pale, ndo maana inarudi. Wakati mwingine jino la juu nalo linaigonga ile nyama iliyovimba kila ukifunga mdomo, mtu anakuja analia, tunashughulika na la juu kwanza anapata ahueni.
Ila siyo kila jino la akili ling'olewe. Limetoka zima, limesimama, unalifikia kwa mswaki, liache. Kuna mtu alikuja kwangu anataka yote manne yatoke kwa sababu tu shemeji yake ndo kafanya hivyo.
Na jamani aspirini mnayoiponda mkaibandika kwenye fizi, ACHENI. Inaunguza nyama inabaki kidonda cheupe, naletewa wagonjwa wenye matatizo mawili badala ya moja. Maji ya uvuguvugu na chumvi yanatosha wakati unatafuta nauli ya kuja.
Kitu kimoja sichezi nacho: ukiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni, kumeza shida, ulimi unahisi umeinuliwa, homa, au pumzi inabana, usisubiri asubuhi. Hiyo ni ya usiku huo huo hospitali, uvimbe wa hapo unaziba njia ya hewa. Nimeona mtu anafika kachelewa na chanzo kilikuwa jino tu.

Mpiga Debe Mstaafu
Duh. Mimi yule muuza dawa wangu aspirini ndo alikuwa ananishauri kabisa

Mswahili wa Reading
Huku Uingereza kilio changu kilikuwa cha upande wa pili, naomba waling'oe wanakataa. Kumbe wana muongozo tangu mwaka 2000 kwamba jino la akili lisilo na ugonjwa halitolewi, na hata fizi ikivimba mara ya kwanza kama siyo kali sana wanakutibu wanakurudisha, ikija mara ya pili ndo mnazungumza. Nilikasirika nikaona wananibania. Binamu yangu yuko Marekani, kule alitolewa yote manne siku moja kabla ya kwenda chuo, na hata halikuwa linamuuma hata moja! Mimi lilirudi baada ya miezi minane wakalitoa. Baba Naimu wewe uko mara ya tatu, hata hawa wabahili wangekung'oa.

Njoro wa Nakuru
Mimi niko na story mbili. Ya juu ilitolewa dakika kama mbili hivi, nilikuwa bado nangoja daktari aanze nikaskia "tumemaliza". Nikajiona simba. Ya chini sasa, mizizi ilikuwa imekaribia ule mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, daktari alinionyesha kwa picha na akaniambia kabla, kuna uwezekano mdomo ubaki na ganzi kwa muda, nikasaini. Na ikabaki. Nusu ya mdomo wa chini na kidevu, karibu miezi mitatu. Nakunywa chai inamwagika shati siskii, nanyoa ndevu najikata naona damu kwa taulo ndio najua. Wife alikuwa anasema busu ni kama anasalimia mlango. Halafu ikaanza kuwasha washa kama sisimizi wanatembea, pole pole ikarudi yote. Sijutii kwa sababu ile jino ilikuwa inaninyima usingizi mwaka mzima, lakini uliza hiyo swali kabla ya kulala kwa hiyo kiti: mizizi iko wapi?

Mama Tuli
Kuna sisi wengine tuna miaka 41 hayajawahi kutoka. Nilipigwa picha kwa mambo mengine nikaambiwa hayapo kabisa, hata chini ya fizi. Mume wangu kalidaka hilo neno kila tukigombana analirudia.

Baba Naimu
Wakuu nimerudi, leo siku ya sita. Limetoka.
Nilimuuliza swali la Njoro, akasema mizizi iko mbali na mshipa, kidogo moyo ukatulia. Ganzi sindano mbili, nikangoja mdomo ukawa mzito kama siyo wangu. Maumivu kweli hakuna, Bi Mkubwa hukudanganya, ila sauti ndo itakumaliza, ile mashine inakata jino na fuvu lako lote ndo spika. Kama dakika arobaini hivi, nyuzi tatu. Siku ya kwanza nikawa naringa, ya pili nikaamka shavu limekuwa andazi, nikapiga simu mbio, nikaambiwa ni kawaida uvimbe unafika kilele siku ya pili au ya tatu ndo unaanza kushuka, na kweli. Nimeishi kwa uji na mtori uliopoa, kwa kikombe siyo mrija. Tangu juzi mke karudi chumbani.
Nilimwomba daktari nije nalo, limetoka vipande vitatu kanifungia kwenye pamba. Shida iko kwa Naimu, ana miaka 6 na yeye mwezi uliopita kang'oka la mbele tukalirusha juu ya bati ili lije jipya, sasa kaviona vipande vyangu mezani anang'ang'ania navyo twende tukavirushe. Namwambia baba hili hatutaki lirudi, hanielewi, kashaleta kigoda yuko nje ananisubiri.